Kaimu na Landkruza ya Kilomita Elfu Themanini na Saba

Mtu wa Nachingwea akitaka kununua gari lililokwisha kutembea, kwanza humtafuta Kaimu. Si kwamba Kaimu ana gereji ya kujivunia. Ana kibanda cha bati nyuma ya soko, benchi moja, na sanduku la spana ambalo bawaba zake zilishakufa na sasa linafungwa kwa mpira wa tyubu. Magari anayoyatengeneza kwa mwezi hayajai vidole vya mkono mmoja. Lakini neno lake juu ya gari la mtu mwingine lina uzito. Akisema chukua, watu huchukua, na akisema acha, muuzaji hukunja turubai lake na kwenda kutafuta mteja Masasi.

Kwao ni Ruponda, na ni Mmwera wa huko huko. Shule aliiacha darasa la saba, akapanda lori la chama kama utingo, wakati ule korosho zikisombwa kwa malori yasiyo na milango. Spana ya kwanza aliishika kwa sababu dereva alikuwa mvivu wa kuingia chini. Baadaye akapata kazi kwenye mradi mmoja wa chanjo, yeye fundi na rafiki yake Tomasi dereva, wakizunguka na Landrova moja miaka kumi na mitano. Njia ya Nandagala, ya Ruponda, ya Liwale, zote walizijua kwa makalio. Mradi ukaisha, Tomasi akaugua, akafa. Kaimu akabaki na sanduku la spana na masikio.

Ana desturi yake. Akiitwa kukagua gari, huja na kitambaa cheupe mfukoni, na kabla hajagusa chochote huingia mlangoni na kuifunika mita ya kilomita. Muuzaji akianza kuitaja namba, humkatiza kwa mkono. Husema kwamba mita ni shahidi, ndiyo, lakini ni shahidi anayelala nyumbani kwa mshitakiwa, kwa hiyo asikilizwe mwisho. Halafu huweka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, hukaa chini na kuagiza kahawa mpaka lipoe, kwa maana gari lililokwisha kupashwa moto linaficha kikohozi chake. Gari, husema, huulizwa maswali likiwa halijaamka.

Hapo ndipo huanza kazi. Huangalia mpira wa pedali ya klachi umelika upande gani. Hukaa kwenye kiti cha dereva na kusikiliza kama springi zake zinamsukuma au zinamlaki tu. Hushika ufunguo na kupitisha kidole kwenye meno yake. Hufungua mlango wa dereva na kuunyanyua kidogo kuona kama bawaba zimechoka, kwa sababu mlango wa gari la kazi hufunguliwa mara mia kwa siku. Huangalia vichwa vya bolti kama vimeshakutana na spana. Akimaliza hayo yote, husimama kando, hufikiri, na hutaja namba yake mbele ya watu. Kitambaa kinaondolewa. Namba ya mita na namba ya Kaimu zikipishana sana, muuzaji ana la kueleza. Watu wa sokoni huacha meza zao kuja kuona, na wengine huwekeana dau la soda.

Basi mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshika, alikuja Scholastika kutoka Nandagala. Huyu ndiye mjane wa Tomasi. Kwa vile Tomasi na Kaimu walikuwa kama mtu na kivuli chake, Scholastika na Kaimu huitana shemeji, na utani wa shemeji baina yao haukukoma hata msibani. Alikuja na mke wa mwanawe Emmanuel, msichana anaitwa Doreen, aliyeolewa mwezi wa kumi na mbili tu na kuletwa kutoka Makete, kwenye baridi. Huku kwetu alikuwa bado anajifunza kula ming'oko, mizizi yetu ya porini, na kulala bila blanketi.

Shida ya Scholastika ilikuwa hivi. Chama cha msingi cha kwao kilikuwa kinatafuta mtu wa kusomba ufuta kutoka vijijini hadi ghalani. Kazi hiyo walikuwa tayari kumpa yeye, Emmanuel akiwa dereva, ila sharti awe na gari lake mwenyewe, la kupita kwenye tope, kabla ya mwezi wa tano. Asipokuwa nalo, kazi inakwenda kwa mtu wa Lindi mwenye magari matatu. Fedha ya korosho za misimu mitatu alikuwa ameiacha benki Ruangwa bila kuigusa. Nyumba yake haikupigwa lipu, na yeye hakuvaa kitenge kipya. Ilikuwa inatosha gari moja. Gari la pili la kurekebisha kosa la la kwanza halikuwepo.

Na gari alikuwa amesikia liko. Adinani, mfanyabiashara wa Nachingwea, mtu wa miaka arobaini hivi, mchangamfu, alikuwa na Landkruza ya kabini mbili, nyeupe, imesimama uani kwake. Alieleza kwamba limekuja mwezi wa kwanza kutoka Dar, lilikuwa gari la ofisi, halikuwahi kwenda mbali kuliko Bagamoyo, na kadi ilikuwa na jina la mtu wa Dar kweli. Kaimu alimjua Adinani vizuri. Walikuwa wakinywa kahawa kijiwe kimoja, na mara nyingi ni Adinani aliyekuwa akilipia kashata.

Asubuhi ya kulikagua watu walijaa uani kwa Adinani kama kuna ngoma. Kaimu alifunika mita, akaweka kiganja kwenye boneti, ikawa baridi kama mtungi. Pedali zilikuwa zimelika kidogo, sawasawa, kama kisigino cha kiatu cha mwalimu. Kiti kilimsukuma. Mlango haukushuka hata unywele. Ufunguo ulikuwa na meno makali. Injini ilishika mara ya kwanza, moshi ukatoka kidogo na kuacha, na Kaimu akasimama nyuma ya ekzosi na kiganja wazi, akakinusa, akakitazama, kikavu. Alilala chini kwenye mkeka na kuangalia. Chini kote kulikuwa kumepakwa lami nyeusi. Hilo halikumshangaza, watu wa pwani hupaka kwa ajili ya chumvi ya bahari. Aligonga chasisi mara mbili kwa fundo la kidole, mbele, pale mkono ulipofika bila taabu, ikalia vizuri.

Akasimama, akajipangusa magoti, akasema elfu tisini.

Adinani mwenyewe aliondoa kitambaa. Elfu themanini na saba na ushee.

Watu walipiga makofi. Mtu mmoja alidai soda yake. Kaimu hakucheka, lakini mke wake Mwanamvua, angekuwepo, angeona jinsi mabega yalivyopanda. Alimgeukia Scholastika akamwambia mbele ya watu wote kwamba gari ni zima, achukue. Adinani na Scholastika wakapeana mikono. Wakakubaliana waende wote Ruangwa na gari hilo hilo, mama akatoe fedha benki, waandikiane huko huko, na njiani Kaimu aliendeshe ili amalizie kulisikiliza.

Mvua iliwakuta kabla hawajafika mbali. Ilikuwa ile mvua isiyo na upepo, inamwagika tu kama mtu anayemimina maji akiwa anafikiria jambo lingine. Wakafunga vioo vyote. Kaimu aliendesha taratibu, Adinani kando yake, wanawake wawili nyuma. Gari lilikuwa linapita kwenye tope bila kunung'unika. Scholastika alikuwa ameshaanza kuhesabu vijiji, kipi kisombwe kwanza.

Doreen akafungua kioo kidogo. Mvua ikamlowesha mkwewe, akaambiwa afunge. Akafunga. Baada ya muda akafungua tena, kidole kimoja tu. Scholastika akamuuliza kama anataka kutapika, asimamishiwe gari. Msichana akatikisa kichwa, akaweka kanga puani, na mwisho, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, mnisamehe. Kuna harufu humu. Kama mtu amewasha kiberiti boksi zima."

Gari zima likacheka. Scholastika alicheka mpaka akashika ubavu.

"Hiyo salfa, mwanangu. Dawa ya mikorosho. Hiyo ndiyo karo ya mumeo, uinuse kwa adabu."

Adinani akasema kila bibi harusi kutoka bara hulalamika hivyo mwaka wa kwanza, mwaka wa pili huanza kuipaka kama marashi. Kaimu naye alitia lake. Alisimulia siku aliyopanda basi la Dar msimu wa kupuliza, abiria wa kiti cha pili akahama, na wa kiti cha tatu naye akahama, mpaka yeye akalala kwenye viti vitatu peke yake kama waziri. Wakacheka tena. Doreen naye alitabasamu, lakini kanga haikutoka puani.

Wakaenda kilomita nne, tano, na kicheko kikaisha chenyewe. Kaimu alikuwa bado anatabasamu kidogo kwa ile hadithi yake ya basi. Msimu wa kupuliza. Alikuwa amesema mwenyewe, msimu wa kupuliza. Mikorosho hupulizwa mwezi wa tano mpaka wa nane. Mabomba ya kupulizia yalikuwa yameangikwa tangu mwaka jana, na mvua ya miezi miwili ilikuwa imeosha kila jani na kila shati. Yeye mwenyewe hakusikia harufu yoyote. Alivuta pumzi ndefu kwa pua. Hakuna kitu. Harufu ya gari, ya mvua, ya udi wa kanga ya Scholastika. Mtu aliyezaliwa chini ya mikorosho hainusi salfa kama vile samaki asivyojua kwamba amelowa.

Akamuuliza Adinani, kwa sauti ya mazungumzo tu, tangu gari lifike amelibebesha nini.

"Sijalibebesha hata pakiti ya chumvi, mzee wangu. Limekaa uani, limefunikwa."

"Na Dar lilikuwa la ofisi."

"La ofisi. Mafaili na wakubwa."

 Kaimu aliendesha mpaka akapata mahali penye changarawe, akaliweka gari pembeni, akazima. Akatoa bisibisi kwenye sanduku lake la spana alilokuja nalo, akashuka kwenye mvua, akaingia chini ya gari bila mkeka. Scholastika alimwona akipotea miguu yote miwili, akamuuliza Adinani kuna nini. Adinani alitazama mbele na kusema wazee wana mambo yao.

Huko chini Kaimu hakwenda mbele tena. Alikwenda nyuma, pale chasisi inapopinda juu ya ekseli, mahali ambapo vumbi la mzigo likipenya kwenye matundu hukaa na halitoki. Alikwangua ile lami nyeusi. Akaweka ncha ya bisibisi na kusukuma. Iliingia kama kwenye muhogo uliochemka. Akaichomoa, na pamoja nayo likaanguka gamba la kutu kiganjani mwake, la kahawia upande mmoja, na upande wa ndani lina ukoko wa manjano. Akahamia hatua moja, akasukuma tena. Ikaingia. Salfa ikikutana na unyevu hutafuna chuma, hilo kila fundi wa kusini analijua. Mabomba ya kupulizia yenyewe hayamalizi misimu mingi. Gari hili lilikuwa limebeba salfa, si mara moja, ila misimu, gunia juu ya gunia.

Alitoka amelowa. Alilipeleka lile gamba puani mwake mwenyewe, akasubiri. Hakuna. Ndipo akafungua mlango wa nyuma, akanyoosha kiganja kwa Doreen.

"Mwanangu, ninusie hiki."

Doreen hakuhitaji kusogea. Aligeuza uso kabla kiganja hakijamfikia.

Kaimu akarudi kwenye kiti cha dereva, lakini hakukaa. Aliinama na kuangalia tena yale aliyoyaangalia asubuhi. Bolti za kiti: asubuhi alitazama zile za mbele, safi, sasa akaingiza mkono kwa nyuma, na vichwa vilikuwa vimeng'aa, spana imepita juzi juzi. Kiti hiki hakikuzaliwa humu. Mpira wa pedali, akiuvuta, ulikuwa mpana kidogo kuliko chuma chake. Wa gari jingine, lililotembea kidogo. Bawaba za mlango zilikuwa na rangi mpya kwenye mifereji ya skrubu. Kila kitu alichozoea kukitazama kilikuwa kimebadilishwa, na kile tu asichozoea kukitazama ndicho kilichobaki kama kilivyokuwa. Na namba ya mita ilikuwa imerudishwa mpaka pale ambapo Kaimu mwenyewe angekisia.

"Adinani," akasema. "Nani alikwambia pedali zisiwe mpya, ziwe zimelika kidogo?"

Adinani alikuwa anatazama maji yakiteremka kwenye kioo. 

"Si ni wewe mwenyewe, mzee," akajibu. "Kijiweni. Mwaka mzima unatufundisha na kahawa yako mkononi. Pedali mpya ni mwongo wa kwanza, ndivyo ulivyosema."

Kaimu aliusikia ukweli wa neno lile. Alikuwa akiyasema hayo yote kwa furaha ya kusikilizwa. Sasa mbele yake kulikuwa na jambo gumu kuliko kulala kwenye tope. Neno lake la asubuhi lilikuwa limeshatoka, limepigiwa makofi, na watu wameshikana mikono juu yake. Fundi akisema chukua na baada ya saa moja akasema acha, kesho nani atamwita? Adinani naye aliliona hilo, akamkumbusha kwa upole kwamba ameshasema mbele ya watu.

Kaimu akageuka nyuma.

"Shemeji, nilichosema Nachingwea nimekifuta. Usinunue gari hili. Nilikosea."

 Scholastika aliomba lile gamba, akalishika, likavunjika vidoleni mwake kama kashata.

"Lingenifikisha wapi?" akauliza.

"Ufuta wa kwanza lingefika. Wa pili huenda. Siku ukiweka tani moja na watu juu yake, kwenye korongo, lingekatika katikati. Na Emmanuel ndiye angekuwa kwenye usukani."

Doreen aliposikia jina la mumewe alimshika mkwewe mkono. Adinani akaanza kushusha bei. Akashusha mara moja, akashusha tena, mpaka ikawa bei ya chuma chakavu cha kufulia visu. Scholastika alimsikiliza mpaka mwisho, maana ni mwanamke wa adabu.

"Adinani, mwanangu, hata ukinipa bure. Humo ndani nitampandisha mtoto wa nani?"

Ikawa imekwisha. Basi dogo la Ruangwa lilipopita, wanawake wakapanda. Kabla ya kupanda Scholastika alimwambia Kaimu kwamba siku zinakwenda, na yeye akajibu anajua.

Kaimu alirudi Nachingwea na Adinani, kwa kuwa hakukuwa na usafiri mwingine wa upande huo, na kwa kuwa alitaka. Safari hii Adinani ndiye aliendesha, polepole, akikwepa mashimo ambayo asubuhi asingeyakwepa. Karibu na mjini ulimi ukamfunguka. Alisema gari alilinunua kwa mtu aliyekuwa akisomba salfa misimu minne bila kubadili jina la kadi, akalinunua usiku kwa usiku na kwa pupa, mtaji wake wote, na alipogundua alikuwa ameshaingia shimoni. Angefanyaje.

"Ungeniuliza," Kaimu akasema.

Halafu akamweleza kuna fundi Masasi anayekata chasisi na kuweka nyingine, kazi ya wiki mbili, na gari likitoka huko liuzwe kwa jina lake la kweli. Adinani alimfikisha mpaka mlangoni, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

Kesho yake asubuhi Kaimu alikwenda kijiweni kama kawaida, na kabla kahawa haijamiminwa akawaeleza wote, kuanzia kitambaa hadi bisibisi. Jina la Adinani hakulitaja, ila kila mtu alilijua. Kosa alilolitaja ni lake.  Halafu Hemedy, muuza vitumbua, mtu asiyeweza kuona kimya akakiacha, akasema:

"Kumbe pua ya mzee imestaafu kabla ya mwenyewe. Na mafao haikulipwa."

Walicheka, na Kaimu alicheka nao, na kahawa ikamiminwa. Lakini wiki ile hakuna aliyemwita kukagua gari, wala ya pili yake.

Nyumbani Mwanamvua alimkuta ameacha ugali. Akamwambia asijitese, gari moja kati ya mangapi aliyoyakagua maisha yake yote? Moja tu amekosea.

"Moja ninalolijua," Kaimu akasema.

Neno lile lilimtoa nyumbani. Kwa sababu kama pua yake haikunusa hili, ilinusa yapi? Alichukua bisibisi na nyundo ndogo, akaanza kuzunguka. Mwezi wote wa tatu alionekana njiani, mara kwa baiskeli, mara kwa miguu akiisukuma, akienda kwa kila mtu ambaye aliwahi kumwambia chukua. Alibisha hodi, akaomba radhi, akaomba kuingia chini ya gari. Wengine walimcheka, wengine walimchinjia kuku. Nambambo alikuta pikapu moja, chasisi yake imeanza kumumunyuka nyuma ya tangi, akakaa pale siku mbili akisimamia welda bila kudai kitu. Ruponda alikuta mawili mazima, akalala kwa dada yake. Na magari mengine alisikia yameshauzwa Ruangwa, basi akayafuata huko.

Huko Ruangwa ndiko alikoliona gari la kumfaa Scholastika. Alikuwa anatoka kukagua gari la mtu, akapita kando ya uzio wa mabati, na ndani akasikia injini ya Landrova ikiwashwa ikiwa baridi. Ilikohoa, ikasita, ikashika. Alisimama barabarani mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza mzee anatafuta nini. Mwenye nyumba alikuwa Felisian, seremala mstaafu, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akibeba mbao zake kwa gari hilo hilo. Sasa mgongo ulikuwa umekataa. Alikuwa anataka kuliuza na hakuna aliyelitaka, kwa kuwa lilikuwa bovu la sura, milango ya rangi mbili, na mita yake ilikuwa imekufa zamani, sindano zimelala.

Kaimu hakufunika kitu siku hiyo. Alikaa uani kwa Felisian kutwa nzima, na Felisian akamweleza gari lake kama mtu anavyoeleza ndoa: giaboksi ilifunguliwa mwaka gani na nani, difu ya nyuma ilitoka wapi, ni mlima gani haliupendi. Salfa halikuwahi kubeba, mbao tu. Kaimu aligonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma kama mtu anayekagua ukuta wa kisima. Halafu akatuma ujumbe Nandagala.

Walikuja mwanzoni mwa mwezi wa nne, Scholastika, Emmanuel na Doreen. Doreen aliwekwa ndani, vioo vikafungwa, akakaa humo jua kali mpaka jasho likamtoka. Aliposhuka alisema linanuka mninga na mbuzi. Felisian akakiri mbuzi, ilikuwa harusi ya binti yake.

Scholastika alilizunguka lile Landrova mara tatu, akasimama mbele ya mita iliyokufa.

"Shemeji, lina kilomita ngapi hili?"

"Sijui. Ni nyingi. Mwenyewe hajui pia, na hajanidanganya."

"Basi nipe neno lako. Nichukue au niache?"

Watu wachache wa mtaani walikuwa wamesogea. Kaimu alikuwa na neno lake, alikuwa nalo tangu siku ile ya kwanza uani. Lakini alitandika mkeka chini ya gari, akamwonyesha kwa mkono.

"Neno langu mwaka huu halitoshi gari zima," akasema. "Ingia uone. Nitakwambia pa kushika."

Scholastika alimtazama kuona kama ni utani. Emmanuel akasema ataingia yeye. Mama yake akamwambia akae hapo hapo. Akajifunga kanga ya pili kiunoni, akavua kilemba, akalala chali, akajisukuma kwa visigino mpaka ikabaki miguu nje. Kaimu alimpa nyundo na bisibisi, akachuchumaa kando na kumwelekeza: fuata chuma kikubwa, gonga, sogea, gonga, pale panapopinda sukuma kwa nguvu zako zote. Walisikia nyundo ikienda taratibu, chuma kikijibu. Ilichukua muda mrefu. Felisian aliketi kwenye gogo na kujikuna goti.

Nyundo ikasimama. Sauti ya Scholastika ikatoka chini, ikauliza yale mabamba yaliyolaliana juu ya ekseli ndiyo springi?

Kaimu akajibu ndiyo.

"Na yanatakiwa kuwa mazima yote?"

"Yote."

"La tatu kutoka juu, upande wa kulia, lina ufa. Weka kidole hapa uone."

Kaimu akalala kwenye vumbi, akaingiza mkono, akatafuta, na kidole cha Scholastika kikakiongoza chake. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama uzi wa kushonea. Alikuwa amepita hapo mara mbili na hakuuona. Alisema hivyo kwa sauti, watu wa mtaani wasikie.

Scholastika alitoka na mgongo mzima wa vumbi jekundu. Hakujipangusa. Alimwendea Felisian pale kwenye gogo, akamsalimia upya kama vile ndiyo kwanza anafika, akamwambia chuma chako ni kizima, mzee wangu, na ninakichukua, ila bamba moja la springi utalitoa kwenye bei. Felisian alifikiri kidogo, akauliza ni lipi. Akaambiwa la tatu kutoka juu, kulia. Akasema anashukuru kwa kumfahamisha, akaingia ndani kutafuta kadi ya gari.